Kimbunga kilishawahi kuipiga Zanzibar

Ndugu yangu uliyeuliza kama kimbunga kilishawahi kufika Zanzibar au ni Msumbiji na Madagaska tu, kilifika bwana, tena kibaya, Aprili 1872, Sultani Barghash ana kama miaka miwili tu kwenye kiti. Meli zake bandarini zikavunjwavunjwa, majahazi yakatupwa pwani, na mikarafuu ya Unguja ikang'olewa mashamba kwa mashamba. Hapo ndo pananiuma mimi, maana mkarafuu sio mahindi useme utapanda tena msimu ujao, ukiuotesha leo unasubiri miaka sita saba hivi ndo uone karafuu za kwanza, sasa fikiria mtu shamba zima limelala chini. Pemba yenyewe iliponea kwa kiasi kikubwa, ndo maana baada ya pale karafuu nyingi zikawa zinatoka Pemba na mpaka leo ndo hivyo.

Na sio mara moja tu, Lindi ilipigwa 1952. Huku kwetu ni nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, upepo haupati ule msukumo wa kuuzungusha vizuri, ila nadra sio kwamba haiji, kimbunga Hidaya cha 2024 si mlikiona wenyewe.