Re: Maonyesho ya picha za Mtwara, nianzie wapi?

Mdogo wangu, umeuliza kama gesi peke yake inatosha kuwa mada ya maonyesho ya mji unaobadilika. Haitoshi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, lakini Mtwara ilishageuzwa zamani. Bandari ya kina kirefu na reli ya Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ukafa 1951, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Anzia hapo.

Watafute wazee waliofanya kazi bandarini, waombe picha za kabatini. Zipige nakala palepale nyumbani kwao, usiondoke nazo. Picha ya kuazima huwa hairudi, na mzee mmoja akinung'unika mtaa mzima utakufungia milango.

Boma la Mikindani, jengo la Wajerumani la 1895, linapendeza kama ukumbi, ila wengi wataona ni mahali pa wageni. Mimi ningetundika picha karibu na soko, msimu wa korosho, watu wakiwa na hela na wakija mjini. Chapisha kwenye turubai la mabango, maana unyevu wa bahari hukunja karatasi. Na wachongaji wa Kimakonde usiwaweke pembeni kama mapambo. Wape mada ileile wachonge.