Hita ya Gari Kuukuu Isipokusikia, Usikimbilie Kushusha Dashibodi

Kutoka Makambako kwenda Njombe alfajiri ya mwezi wa saba bila hita ni adhabu. Vidole vinakufa ganzi kwenye usukani, pumzi za abiria zinatanda kwenye kioo, unaendesha mkono mmoja huku mwingine umeshika tambara. Msimu mzima niliishi hivyo na Corolla 110 yangu. Feni ilivuma vizuri tu, ila swichi ya joto uielekeze kwenye nyekundu au bluu, hewa ni ileile.

Fundi wa kwanza alitazama dakika mbili akatoa hukumu: "Kaka, rejeta ya hita imeziba. Dashibodi ishuke yote, kazi ya siku mbili." Nikamshukuru, nikaondoka. Plastiki za gari la miaka zaidi ya ishirini zikishafunguliwa hazirudi kama zilivyokuwa. Utapita barabara ya vumbi gari linacheza kayamba.

Nilichopaswa kufanya tangu mwanzo ni kushika mipira. Injini ikishapata moto, fungua boneti, tafuta mipira miwili myembamba inayoingia ukutani kuelekea ndani ya gari; ndiyo inayopeleka maji ya moto ya injini kwenye rejeta ndogo ya hita na kuyarudisha. Weka swichi kwenye joto kamili, kisha iguse mipira hiyo kwa tahadhari, mbali na feni. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Ugonjwa uko kwenye kilango cha ndani kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Mmoja moto na mwingine baridi, ama koki inayoruhusu maji kuingia kwenye hita imefunga, ama kweli rejeta ndogo imeziba.

Wangu mmoja ulikuwa baridi. Nikamwambia kijana wangu azungushe swichi huku nikiitazama koki. Haikutikisika. Tena alisema swichi yenyewe ilikuwa laini mno, haina uzito wowote mkononi, na hiyo peke yake ni dalili.

Mengi ya magari haya hayana kompyuta ya hita. Swichi inavuta waya unaoteleza ndani ya ganda, kama breki ya baiskeli. Ganda lazima lishikwe na klipu. Likichomoka, waya na ganda lake vinasogea pamoja na hakuna kinachovutwa. Kwangu klipu ya upande wa koki ilikuwa imeachia. Niliweka swichi kwenye baridi kabisa, nikafunga koki kwa mkono, nikalivuta ganda kidogo hadi waya usilegee, ndipo nikabana. Koki ikiwa ngumu usilazimishe, maana shingo yake mara nyingi ni plastiki. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, usubiri.

Joto likaja. Vuguvugu!

Hapo nikakumbuka mshale wa temperecha: safari nzima ulikuwa unalala chini. Gari nililinunua Dar es Salaam, na huko kuna mafundi wanaotoa themostati wakidhani wanaikinga injini isichemke. Kazi ya themostati ni kuzuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka yafike joto la kama nyuzi 82. Ukiitoa, kwenye baridi ya Njombe injini haipati moto wa kutosha, na hita itatoa nini? Nilifungua nyumba yake, nikakuta tupu. Nikaweka mpya injini ikiwa imepoa, nikajaza kulanti, yaani maji ya kupozea injini, na kutoa upepo ulionaswa ndani. (Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa moto, hata kama una haraka kiasi gani.)

Ninyi wa Dar msicheke. AC ikitoa hewa isiyopoa hata baada ya kujaza gesi, angalieni koki hiyohiyo. Ikikwama wazi na kilango nacho kisifunge vizuri, mnapozwa na kupashwa moto kwa wakati mmoja.

Klipu ya dukani sikuipata. Nimebana ganda kwa waya mwembamba, nikaweka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli chini yake usije ukalikata.