Wasomaji Wauliza: Nyoka Wangu ni Dume au Jike?

SWALI: Nina chatu aina ya Python regius, umri wake miaka miwili. Aliyeniuzia alisema ni jike kwa kuwa mkia wake ni mfupi. Rafiki yangu akampima kwa kijiti cha chuma kinachoingizwa mkiani kupitia tundu la haja, kikaingia kina cha magamba matano, naye akasema ni dume. Nimwamini nani?

JIBU: Kwa sasa usimwamini yeyote kati yao. Kwa chatu wa aina hii, kijiti kwa kawaida huingia magamba mawili hadi manne kwa jike, na manane hadi kumi kwa dume. Tano ni katikati, na kipimo cha katikati hurudiwa. Hakitafsiriwi.

Viungo vya kiume vya nyoka ni viwili, navyo hukaa ndani ya shina la mkia, nyuma ya tundu la haja, vimegeuzwa ndani nje kama kidole cha glavu. Kila kimoja hushikwa na msuli uliofungwa mbali zaidi kuelekea ncha ya mkia. Kijiti kikiingia kwa dume hupita katika mfuko huo mrefu. Kwa jike hukomea katika vijishimo vifupi, karibu na tezi za harufu.

Shida ni kwamba dume aliyeshtuka hukaza misuli, kijiti kikagota mapema, naye akaandikwa jike. Kinyume chake pia hutokea: mpimaji akisukuma kwa nguvu hutoboa nyama laini ya jike, kijiti kikazama, naye akaitwa dume. Kwa hiyo kijiti kilichoingia mbali chenyewe, bila kulazimishwa, ni ushahidi mzuri wa dume. Kilichogota karibu ni dalili tu ya jike mpaka upande wa pili wa mkia nao upimwe, na ikiwezekana siku nyingine tena.

Mkirudia, fanyeni hivi. Nyoka awe amemaliza angalau saa 48 tangu kula, la sivyo anaweza kutapika, na asiwe karibu kujivua gamba. Mtu mmoja ashike mwili na kunyoosha mkia, tumbo likitazama juu, wa pili apime. Kijiti kiwe cha chuma, chenye uso laini na ncha ya mviringo, kinacholingana na ukubwa wa nyoka. Chembamba mno ndicho hutoboa. Kisafisheni kwa dawa ya kuua vijidudu, kisuuzeni, kisha kipakeni jeli ya kulainishia ya maji. Inua kidogo gamba linalofunika tundu la haja, elekeza kijiti kwenye ncha ya mkia, kando kidogo ya mstari wa kati, na ukizungushe taratibu kati ya vidole huku kikiteleza chenyewe. Kikigota, acha hapo hapo. Weka kidole gumba pale kijiti kinapotokea kwenye tundu, kitoe, kilaze juu ya mkia kuanzia tundu la haja, kisha hesabu magamba ya chini ya mkia hadi ncha yake inapofika.

Ukiona damu, simamisha na umpeleke kwa daktari wa wanyama. Jeraha la humo ndani huweza kuoza au kuacha kovu linaloziba mfuko, na dume wa namna hiyo huenda asizalishe tena. Ndiyo maana anayefanya kwa mara ya kwanza anapaswa kusimamiwa na mzoefu.

Kuhusu mkia: dume huwa na shina nene linaloendelea kwa urefu kabla ya kuchongoka, na jike mkia wake hupungua ghafla nyuma ya tundu la haja. Ukiwa na nyoka wengi wa aina na umri mmoja wakilinganishwa, tofauti hiyo husaidia. Kwa nyoka mmoja peke yake ni kubahatisha. Vivyo hivyo vile vikucha viwili kando ya tundu la haja la chatu: vya dume mara nyingi ni virefu zaidi, lakini huchakaa na kuvunjika.

SWALI: Je, makinda nayo yapimwe kwa kijiti?

JIBU: Hapana. Kwa makinda wa siku chache hutumika kubinya: kidole gumba huwekwa chini ya mkia, mbali kidogo na tundu la haja, kikaviringishwa kwa upole kuelekea tunduni huku kingine kikifungua gamba la tundu. Kwa dume vitatokeza viungo viwili vyekundu. Kwa jike utaona nukta mbili ndogo tu. Visipotokeza usiongeze nguvu, maana uti wa mgongo wa mkia ni mwembamba mno. Kwa nyoka mkubwa njia hii haifai kabisa. Misuli yake hushinda kidole, na utamuumiza bure.

SWALI: Kuna njia isiyohitaji kumgusa nyoka?

JIBU: Ipo: kupima DNA kwa kipande cha gamba alilojivua. Hakikisha tu maabara inapima aina yako. Kwa nyoka wa jamii ya Pantherophis (nyoka wala panya wa Amerika Kaskazini), jike ndiye mwenye kromosomu (nyuzi zinazobeba DNA) mbili tofauti za jinsia, Z na W. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa baadhi ya chatu na boa (nyoka wakubwa wanaofanana na chatu) ni dume mwenye mbili tofauti, X na Y. Kipimo cha kundi moja hakifai kwa jingine.

SWALI: Nyoka wangu ametaga, ingawa hajawahi kukaa na dume. Mayai niyatupe?

JIBU: Usiharakishe. Ni jike bila shaka, lakini chatu na boa wamethibitika kuzaa bila dume. Aidha, kama aliwahi kupandishwa kabla hujampata, mbegu huweza kubaki mwilini mwake kwa muda mrefu. Tia kila yai alama ya penseli upande wa juu, usiligeuze, kisha limulike kwa tochi gizani. Mishipa myembamba ya damu ikionekana, yai lina uhai. Yai dogo, la manjano na lisiloonyesha mshipa kwa kawaida ni tupu.