Leza ya kijani ikififia kwa baridi, usidhani imekuwa salama

Swali: Nafundisha fizikia sekondari, Njombe. Kalamu yangu ya leza ya kijani hufifia sana asubuhi za baridi, ilhali nyekundu haina shida. Betri nimeshabadilisha. Tatizo ni nini? Na ikiwa imefifia hivyo, wanafunzi wanaweza kuichezea?

Jibu: Mwalimu, naanza na hilo la pili kwa sababu ndilo linalonitia hofu: hapana, wasiichezee.

Leza nyekundu ni diodi, kifaa kidogo cha kielektroniki, inayotoa rangi yake moja kwa moja. Kalamu nyingi za kijani hazina diodi ya kijani kabisa. Zina diodi ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 808, ambayo huchochea fuwele ya vanadati yenye neodimia itoe infraredi nyingine, ya nanomita 1064. Hiyo hupita kwenye fuwele ya pili, KTP, na humo ndimo kijani kinamozaliwa: 532, nusu kamili ya 1064.

Kwa kawaida mwanga ukipita kwenye kioo, elektroni hutikisika kwa kufuata wimbi, na rangi inayotoka ni ileile iliyoingia. KTP ni tofauti. Atomu zake zimepangwa hivi kwamba elektroni huvutika kirahisi zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo mwanga ukiwa mkali mtikisiko wake hupinda, na humo huchipuka wimbi linalotetema kwa kasi maradufu, yaani lenye urefu nusu. Infraredi ikiongezeka mara mbili, kijani huongezeka mara nne hivi. Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walilionyesha jambo hili mwaka 1961 kwa leza ya rubi na kipande cha kwazi. Doa la mwanga huo mpya walilolipata kwenye picha lilikuwa hafifu mno, hata inasimuliwa kwamba jarida lililifuta likidhani ni uchafu.

Sasa baridi. Diodi ikipoa, urefu wa wimbi lake hupungua takriban nanomita 0.3 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Vanadati hufyonza vizuri karibu na 808 tu, hivyo ile 1064 inapungua, na kijani kinaporomoka kwa kasi zaidi kwa sababu ya ule uhusiano wa mraba. Lakini infraredi isiyofyonzwa haipotei. Inasonga mbele, na kama kalamu ni ya bei rahisi, isiyo na kichujio, inatoka nje pamoja na kijani. Mwaka 2010 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza kalamu moja iliyotoa kijani hafifu huku ikimwaga karibu miliwati 20 za infraredi.

Mwanga huo hufika hadi kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jicho haliuoni, kwa hiyo halifumbi, na retina haina maumivu ya kumwonya mtoto. Miwani ya kukinga iliyotengenezwa kwa 532 pekee haiuzuii.

Ukiipasha joto mfukoni dakika chache, kijani kitarudi. Kwa darasani, tumia nyekundu isiyozidi miliwati 1.