Mbio za baiskeli za Jumatano jioni: usianze kama nilivyoanza mimi

Nimekulia Arusha, ambako saa moja jioni giza limeshaingia, iwe Juni iwe Desemba. Kwa hiyo wenzangu wa kazini waliponiambia kuna mashindano ya baiskeli za milimani kila Jumatano baada ya kazi, swali langu la kwanza lilikuwa la taa. Walicheka. Hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi wa sita jua linazama saa tatu usiku. Mtu anatoka kazini, anashindana saa kumi na mbili na nusu, na mwanga wa kuoshea baiskeli bado anao. Mwisho wa Agosti jua linazama kabla ya saa mbili, na msimu nao unakwisha.

Huu ni msimu wangu wa nne. Sijawahi kupanda jukwaani jioni hata moja. Hata hivyo, mwaka jana nilimaliza wa tatu kwa jumla ya alama katika daraja langu, na hakuna aliyeshangaa kuliko mimi. Wenye kasi kunizidi walikuwepo wengi tu. Ila mmoja alikwenda harusini, mwingine alivunjika mtulinga, na kuna wale ambao kila ikifika Jumatano mchana wanaanza kusema "leo nimechoka, wiki ijayo". Kati ya jioni kumi, mimi nilikuja tisa.

Kwa hiyo ukiniuliza mazoezi gani yanasaidia, nitakuuliza kwanza Jumanne usiku unafanya nini. Mbio za katikati ya wiki zinapotelea kwenye yale masaa mawili kati ya kutoka kazini na kipenga. Mfuko wangu naufunga Jumanne kabla ya kulala: viatu, glavu, tyubu ya akiba, pampu, chupa mbili za maji, nguo za kubadili, na helmeti juu kabisa niione. Helmeti nimeisisitiza kwa sababu. Msimu wa kwanza niliendesha dakika arobaini kwenye foleni, nikafika, nikafungua buti: haipo. Bila helmeti hushindani, na hakuna wa kumbembeleza. Nikakaa kwenye nyasi kuwashangilia wengine huku mbu wakinila. Mbu wa Minnesota ukiwasimulia nyumbani utaambiwa unatia chumvi.

Chakula nacho. Jumatano yangu ya kwanza nilikula ugali na maharage saa tisa alasiri, nikijiambia natafuta nguvu. Nguvu nilizipata, lakini kwenye kilima cha pili zilitaka kutoka zilikopitia. Siku hizi nashiba saa sita mchana, halafu saa kumi napata ndizi na kipande cha mkate wenye siagi ya karanga, basi. Ugali unanisubiri nyumbani.

Sasa nije kwenye upepo wa tairi, jambo lililonifunza zaidi ya yote. Sisi tuliokua na baiskeli za kubebea mizigo tunajua tairi nzuri ni ile ngumu kama jiwe. Unabonyeza kwa kidole gumba, kidole kisipozama, twende. Ndivyo nilivyojaza zangu. Wakati tunasubiri kuanza, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyesimama kando yangu alinyoosha mkono bila kuuliza, akabonyeza tairi langu la mbele, akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja. Akasema, "Na hili utapita nalo wapi?" Akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kile kipini. Psss. Akaendelea. Psssss. Nikaona kama ananiibia. Akahamia la nyuma.

Alikuwa sahihi. Kwenye mizizi, tairi gumu linadunda, na likiwa hewani halishiki chochote. Lenye upepo kiasi linajikunja juu ya mzizi na kuukumbatia. Mimi nina kilo 74, tairi zangu ni pana na hazina tyubu, ndani nimetia ile dawa ya kuziba pancha. Mbele naweka upepo wa pauni 21 (PSI kwenye kipimo), nyuma 24. Wewe anzia karibu na hapo, upunguze pauni moja moja hadi usikie rimu inagonga jiwe, kisha rudi juu kidogo. Nunua kipimo kidogo cha upepo. Kabla hujaanza kutamani baiskeli mpya, anza na hicho. Yangu ni ya mtumba, ina shokapu ya mbele tu, na wanaonipita wakiwa na za bei mara tano wangenipita hata kwa miguu.

Daraja chagua la chini kabisa mwaka wa kwanza, usione aibu. Ila likishakuwa jepesi, panda. Yupo jamaa amekaa kwa wanaoanza miaka mitatu akikusanya medali, na kila mtu anamjua.

Kipenga kikilia, wote wanakimbilia mahali pamoja: pale njia pana inapoingia msituni na kuwa kijia cha baiskeli moja. Nami nilikimbia hivyo. Niliingia wa tano, na dakika nne baadaye mapafu yakawaka, miguu ikagoma, nikawa kizibo kwa watu kumi na wawili. Sasa naanzia katikati. Ukitaka kumpita mtu, mwambie mapema na umtajie upande, "kushoto, ukipata nafasi," kisha subiri apate. Ukiitwa wewe, usiruke kichakani kwa hofu. Endelea na mstari wako hadi njia ipanuke, umwachie. Wa daraja la juu wakikufikia kwenye mzunguko wao mwingine, wapishe haraka. Na usihangaike na aliye mbele kabisa. Mtafute yule mnayelingana naye. Wangu ni mwalimu wa hesabu. Hatujawahi kutembeleana wala kupigiana simu, lakini najua anachoka kwenye kilima kirefu, naye anajua naogopa kona zenye mchanga.

Kwenye mteremko, breki zishike kabla ya kona, si ndani yake, na usizishikilie njia nzima. Mchezo wenyewe ulikua na breki zinazoungua: mwaka 1976 vijana wa Marin, California, walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli nzito za kizamani zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Grisi ya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu ilimo breki hiyo, ilikuwa inaungua ikawa moshi, wakifika chini lazima waijaze upya, na mbio zile zikaitwa Repack kwa sababu hiyo.

Mvua ikinyesha, angalia tangazo kabla hujawasha gari. Njia zikilowa zinafungwa, maana tairi moja kwenye udongo wa mfinyanzi linaacha mfereji utakaowasumbua watu miezi. Usiende "kujaribu tu". Siku ya kutengeneza njia ikitangazwa, nenda na jembe lako. Huko ndiko nilikojulikana jina.

Ukifika nyumbani, kabla hujakaa kwenye kochi, oga na ujikague kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani, kwenye nywele. Wale wadogo wa kulungu ndio wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Wangu wa kwanza alionwa na mke wangu, nyuma ya sikio, tukiwa mezani. Alidhani ni punje ya pilipili manga, mpaka ilipochezesha miguu.