Mionzi ya kulenga kwa saratani ya ini: uliza kwanza hali ya ini

Mkuu, pole sana na kuuguza. Umeuliza kama uuze kiwanja cha Buswelu ili mama akapigwe mionzi ya kulenga India, baada ya kuambiwa uvimbe wake wa ini haufai kupasuliwa. Nilimuuguza baba mdogo, mvuvi wa Igombe, kwa ugonjwa huohuo na tiba hiyohiyo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Kiwanja kiache kwanza. Kabla ya kutafuta mashine, jua ini la mama limebaki na nguvu kiasi gani. Saratani hii mara nyingi huota kwenye ini ambalo homa ya ini B au pombe imeshalisinyaza, na sumukuvu ya mahindi na karanga nayo huchangia. Madaktari huangalia vipimo vya damu vya bilirubini na albumini, damu inavyoganda, maji tumboni na kama mgonjwa anachanganyikiwa, wanajumlisha alama, wanampa daraja A, B au C. Wa A ndiye anayefaa zaidi. B ya mwanzoni hufikiriwa kwa uangalifu, pengine kwa dozi ndogo. C, mionzi inaweza kummalizia hata kile kidogo kilichobaki, na hapo hakuna kiwanja kitakachosaidia. Uliza daraja kabla hujamwita dalali.

Baba mdogo tumbo lilipoanza kuuma alimezeshwa dawa za kichocho, zikafuata mizizi. Siwalaumu waliompa, kichocho ziwani kipo na ini kinaliharibu kweli, ila dawa yake haigusi uvimbe. Ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha, kisha CT ya kupiga dawa mshipani. Uvimbe ulikuwa mmoja, daraja A. Bahati.

Zamani mionzi ya kawaida ilikuwa haipendwi kwa ini kwa sababu iliunguza na sehemu nzima iliyo salama. Hii ya kulenga hutuma miale mingi hafifu kutoka pembe nyingi, inakutana palepale kwenye uvimbe, na dozi nzito hutolewa kwa mara chache, kwa kawaida 3 hadi 5. Tatizo ni pumzi. Ukivuta hewa ini linashuka, linaweza kusogea sentimita moja, mbili. Ndiyo maana walimchoma sindano wakamwekea vipande vya dhahabu kando ya uvimbe, vidogo kama punje za mchele, ili mashine ivione. Mzee akawa anatamba wodini kwamba sasa hata yeye ni mgodi wa dhahabu wa Geita. Wakamlaza kwenye kigodoro kinachonyonywa hewa hadi kishike umbo la mgongo wake, mkanda ukambana tumbo asipumue kwa kina, mikono juu ya kichwa. Mionzi yenyewe haiumi. Alilalamikia mabega tu. Baadaye uchovu na kichefuchefu, samaki hakutaka hata kumnusa.

Kabla ya yote alianzishiwa tenofovir, dawa ya kuzuia virusi vya homa ya ini B, maana virusi hivyo vinaweza kuamka wakati wa tiba. Kama mama ana homa ya ini B na hakuna aliyeitaja dawa hiyo, iulizie wewe.

Usitegemee uvimbe kuyeyuka upesi. CT ya miezi michache baadaye ilionyesha bado upo, tukashtuka, daktari akasema angalieni kama unakua na kama bado unanyonya damu. Haukuwa unakua. Baba mdogo bado yupo, anashona nyavu, lakini ini lake bado ni bovu na vipimo haviishi.

Kwa mama, anzia kitengo cha saratani hospitali ya Bugando, Mwanza, uulize pia kuhusu kuunguza uvimbe kwa sindano au kuziba mshipa unaoulisha. Kuna wagonjwa ambao hizo zinawafaa zaidi. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wana mashine za mionzi za LINAC tangu 2018, waulize kama kwa uvimbe wa mahali pale wanaweza. India iwe baada ya majibu hayo, na utume CD ya CT kabla ya kukata tiketi.

Na kama mama ana homa ya ini B, wewe na wadogo zako pimeni wiki hii. Virusi hupita toka kwa mama wakati wa kujifungua, na chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwaka 2002 tu.