Maswali yenu ya sainasi: hizo drops za kuzibua pua wekeni chini

*Dokta, sainasi inanitesa mwaka wa tatu, nataka dawa ya kuimaliza moja kwa moja.*

Hili swali linakuja kila wiki jamani. Sainasi ikishapita wiki 12 ni uvimbe sugu wa ngozi laini ya ndani ya pua na matundu ya hewa ya usoni, unaudhibiti kama unavyodhibiti presha. Anayekuuzia chupa ya kuimaliza anakula hela yako.

*Drops za duka la dawa zilikuwa zinanizibua vizuri, sasa bila hizo silali. Niongeze?*

Usiongeze! Zenye xylometazoline au oxymetazoline ni siku 3 mpaka 5 basi, ukizidisha pua inazizoea, zikiisha nguvu nyama za ndani zinavimba kuliko mwanzo, unaweka tena, zinavimba tena, mwisho mtu anatembea na chupa mfukoni miaka akidhani ni sainasi kumbe anayemziba ni dawa yenyewe. Acha, ukishindwa anza kuacha kwa tundu moja la pua, huku unatumia spray ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) kama fluticasone au mometasone. Siku za mwanzo utateseka, vumilia. Na nyie wauzaji, mtu anarudia chupa ileile kila wiki mnamwangalia tu, kwa nini hamumwambii?

*Spray ya steroidi nimetumia siku nne sioni kitu.*

Siku nne ni nini? Kila siku, wiki kadhaa, ndio uhukumu. Na wengi mnapuliza vibaya, inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, elekeza upande wa sikio, usivute kwa nguvu. Ukiona damu damu ujue unalenga ukuta wa katikati.

*Kuosha pua kwa maji ya chumvi, ya bomba yanafaa?*

Hapana, chemsha yapoe. Mwaka 2011 kule Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa kwa ameba, kijidudu cha majini, aitwaye Naegleria fowleri baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Ukimnywa hana shida, akipitia puani anapanda ubongoni. Robo lita ya maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto, na chembe ya baking soda. Hamjauliza ila nasema, osha kwanza ndio upulize spray, sio kupuliza halafu unaiosha dawa yote.

*Juisi ya kitunguu saumu puani?*

Inaunguza. Hapana.

*Upande mmoja tu umeziba miezi, na damu inatoka.*

Wewe achana na spray na chumvi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo wiki hii akuchungulie na kamera.